Mashine Isiyoweza Kuachwa Peke Yake

Ofisini walimwita Bi Swichi, na jina lilimkaa. Mpaka yeye afike asubuhi, avue viatu vya njiani, avae kandambili zake za chini ya meza, awashe kompyuta yake na kuandika neno lake la siri, hakuna mwenzake aliyeweza kufanya kazi yoyote. Si kwamba hawakuwa na kompyuta. Walikuwa nazo, mpya kuliko yake, zenye vioo vipana, na ziliwaka vizuri tu. Lakini wakifungua programu ya nyumba, programu iliwajibu kwamba haioni kitu, nao wakarudi kwenye chai yao kumsubiri mwenye nyumba zote.

Nyumba zenyewe hazikuwa zake, msije mkamwonea wivu bure. Ofisi ilisimamia nyumba za watu wengine: majengo kumi na manne, wapangaji mia tatu na kumi na wawili. Nani anakaa chumba gani, aliingia lini, mita yake ya maji ni namba ngapi, bomba lake limevuja mara ngapi na ni jirani gani asiyepatana naye, yote hayo yalikuwa ndani ya kompyuta iliyokaa chini ya meza ya Bi Swichi, karibu na kapu la takataka. Wenzake walichungulia humo kupitia waya. Yeye akizima, giza.

Aliyemfunga kamba hiyo alikuwa fundi wa kwanza, mtu wa haraka ambaye aliacha pikipiki yake ikinguruma nje huku yeye akifanya kazi ndani. Wakati huo majengo yalikuwa mawili na kompyuta ilikuwa moja. Akaweka programu, akamwambia achague neno la siri na asimpe mtu yeyote, hata bosi, akaenda zake. Bi Swichi si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Alichagua Shungi, jina la utani la dada yake mkubwa, kwa sababu ya kishungi cha nywele kilichokuwa kikisimama utosini mwake utotoni na kukataa maji, mafuta na kitana. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miaka kumi na moja, na kila asubuhi ya kazi vidole vyake viliandika Shungi kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti.

Na huyo Shungi mwenyewe, alimwona lini mara ya mwisho? Hapo ndipo pabaya. Dada alikaa mbali, mwendo wa basi la kutoka alfajiri na kufika jioni. Ndiye aliyemlea Bi Swichi mama yao alipofariki, akamsuka, akamsomesha, akasimamia mpaka harusi yake. Kwenda ni siku moja na kurudi ni siku moja, na ukiongeza hata siku moja ya kukaa ni siku tatu, na ofisi haikuweza kukaa siku tatu bila Bi Swichi. Likizo aliandikiwa kila mwaka, na kila mwaka aliimaliza akiwa kwenye kiti chake. Homa zake zote aliziugulia kazini. Harusi ya mtoto wa mwisho wa dada yake aliiona kwenye picha.

Lakini lililomkaa rohoni lilikuwa lile la nyonga. Miaka minne iliyopita dada alianguka bafuni, akavunjika nyonga, ikabidi apasuliwe. Bi Swichi aliomba ruhusa, akapewa, akapanda basi. Hawajafika hata kituo cha pili, simu ikalia. Mvua imeingia jengo la tisa, wapangaji wamejaa mapokezi, na hakuna kinachofunguka. "Nipe basi hilo neno la siri," bosi alisema. Bi Swichi alitazama abiria kushoto na kulia. Akaona kwamba akilitamka pale, ndani ya basi la watu, atakuwa amevunja amana aliyowekewa. Akashusha begi lake, akavuka barabara, akapanda basi la kurudi. Dada alikesha wodini na jirani.

Sasa dada alikuwa anapasuliwa jicho, Jumatatu asubuhi. Safari hii hakubembeleza. Alipiga simu, akasema maneno machache.

"Hospitali wana fomu yao. Wanataka jina la mtu wa kukaa na mimi. Nimeandika lako. Usipokuja, mdogo wangu, nitalifuta niandike la jirani, na siku nyingine sitaliandika tena."

Bi Swichi alikwenda kwa bosi. Bosi alikuwa mtu wa kalamu mbili mfukoni na huruma ya kupimwa kwa kijiko. Alimsikiliza, akainua uso, na jambo la ajabu, akatabasamu.

"Una bahati wewe. Ijumaa inakuja seva."

"Ndiye nani?"

"Si mtu, ni mashine. Mashine ya peke yake, kazi yake ni kuhifadhi programu ya nyumba tu. Tumepewa majengo tisa mengine, na hiyo yako ya chini ya meza imezeeka, siku hizi inakoroma. Fundi akimaliza kabla ya Jumamosi saa sita mchana, Jumapili unapanda basi. Asipomaliza, mama, na mimi sina la kufanya. Nani atatufungulia Jumatatu?"

Bi Swichi alitoka hajui aombe nini. Mashine ikikubali, anaenda kwa dada yake. Lakini mashine ikikubali, yeye ofisini ni wa nini? Alirudi mezani, akalitazama boksi lake chini ya meza, likakoroma kidogo, akalifuta vumbi kwa upindo wa khanga yake. Alijiona msaliti, na kilichomchanganya zaidi ni kwamba hakujua anamsaliti nani.

Ijumaa asubuhi alisaidiana na mlinzi kutoa vitu kwenye stoo, maana fundi alitaka chumba chenye baridi na kufuli. Stoo ilikuwa na maisha ya majengo yote kumi na manne: makopo ya rangi yaliyobaki nusu, koki zilizochoka, kifuniko cha choo kisicho na choo, na ubao wa funguo za akiba, kila ufunguo kwenye msumari wake na kijikaratasi chake. Mlinzi alikuwa mtu wa maneno machache na utii mwingi. Kwa kuwa bosi alichukia umeme wa bure, kila jioni mlinzi alimngoja Bi Swichi azime kompyuta, kisha akazunguka ofisi nzima akizima soketi moja moja ukutani, hata zisizochomekwa kitu.

Fundi alifika saa nne. Alikuwa mtu mnene, mpole, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na aliingia amelikumbatia boksi jeusi. Akaliweka kwenye rafu pale palipokuwa makopo ya rangi. Bi Swichi alilizunguka boksi lile upande huu na upande ule.

"Kioo chake kiko wapi?"

"Haina kioo, mama. Nitachomeka changu leo kwa kazi, halafu nitakitoa."

"Sasa mtu anaiangaliaje?"

"Haiangaliwi."

"Na atakayekaa hapa kuitumia ni nani?"

"Hakuna. Inakaa peke yake."

Bi Swichi aliligusa boksi kwa kidole. Yeye alikuwa amekaa na mashine yake miaka kumi na moja, amekula nayo chakula cha mchana, amekohoa nayo. Leo wapangaji mia tatu na kumi na wawili wanakabidhiwa kitu kisicho na uso, kinachofungiwa stoo kama ndoo.

Walihamia mezani kwake. Fundi akavaa miwani na kumwomba afungue. Bi Swichi akaegemea mbele ili mkono wake ufiche herufi, akaandika Shungi, boksi likaamka. Fundi alibonyeza hapa na pale, akakunja uso, akauliza kama kila siku ni lazima yeye aandike neno lake ndipo wengine wapate. Bi Swichi akasema ndiyo, kwa fahari. Fundi alisema "ahaa", asiseme zaidi, akaendelea na yake.

"Sasa nawanakili wapangaji kwenda kule," alisema baadaye.

"Wakienda kule, hapa wanabaki?"

"Wanabaki."

"Basi watakuwa mia sita na ishirini na nne."

"Hapana mama, ni wale wale."

"Wale wale, sehemu mbili?"

"Eeh. Kwa muda."

"Mtu wa chumba cha nne B akihama, anahama huku au kule?"

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Swali zuri. Ndiyo maana tukimaliza, hizi za hapa tunazifunga. Wa kweli watakuwa wa kule."

"Na hawa wa hapa watakuwa akina nani?"

Fundi aliomba maji ya kunywa.

Msimcheke Bi Swichi. Wapangaji wale alikuwa anawajua. Alijua mzee wa jengo la tatu hasikii sikio la kushoto, hivyo usimgongee mlango upande ule. Alijua mama wa jengo la saba alibadilishiwa mlango mara mbili na bado unalia. Usiku ule wangelala vitandani mwao bila habari, na papo hapo wangekuwa wanapita kwenye waya, mmoja mmoja, kwenda stoo. Alijaribu kulishika jambo hilo kichwani likamponyoka. Kila alipodhani ameelewa, liliibuka swali jingine, na fundi alikuwa amebakiza maji nusu bilauri.

"Hii itanakili mpaka kesho asubuhi," fundi alisema. "Mashine yako imechoka, inakwenda polepole. Usifungue, usiandike, usifute. Usiguse kitu kabisa. Na wewe mzee," alimgeukia mlinzi, "leo usizime soketi."

"Leo sizimi," mlinzi alijibu.

Saa kumi jioni, fundi akiwa ametoka kununua waya, alikuja mpangaji mpya wa jengo la pili, chumba cha sita. Nje alikuwa na mkokoteni na godoro, na wingu lilikuwa limetanda. Bi Swichi alikuwa na sheria yake mwenyewe, iliyozidi hata sheria za bosi: ufunguo hautoki kwenye msumari kabla jina halijaingia kwenye mashine. Alimtazama kijana wa watu, akalitazama godoro, akalitazama wingu. Mikono ikaandika. Ikaandika jina, tarehe, namba ya mita, ikahifadhi, ikatoa ufunguo. Kichwa chake wakati huo kilikuwa kinafikiria nguo za kuweka kwenye begi.

Jumamosi saa tatu asubuhi fundi alikaa mbele ya kioo chake kule stoo na kushika tama.

"Mama, kwako wapangaji ni wangapi?"

"Mia tatu na kumi na wawili," Bi Swichi alijibu kama anayeulizwa umri wake.

"Kule wako mia tatu na kumi na wawili. Lakini mashine yako inasema mia tatu na kumi na watatu."

"Haiwezekani."

"Nami nasema haiwezekani. Mmoja hakuvuka. Siwezi kusaini kazi na mtu amebaki njiani. Pengine ni mmoja, pengine kuna mengine yaliyokatika nisiyoyaona. Nikianza kukagua na kunakili upya, ni mpaka kesho jioni."

Bi Swichi alihesabu saa kwa vidole. Kesho jioni basi litakuwa limeshafika kule, na dada atakuwa ameshachukua kalamu. Aliona kabisa jina lake likipigwa mstari na la jirani likiandikwa juu yake. Na ni nani huyo aliyezidi? Yeye anajua watu wake wote. Mtu anazidije kwenye nyumba ambazo hata ufunguo mmoja haujatoka bila yeye?

"Tuwasome," alisema. "Mmoja mmoja. Wewe soma wa kule, mimi nasoma wa hapa."

Wakasoma. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, fundi akitamka jina na Bi Swichi akilijibu kutoka mezani. Aliamua waanze na jengo la kumi na nne, kwa kuwa lilikuwa na watu wa kuhamahama, na mtu wa kuzidi lazima atoke kwa hao. Wakashuka jengo baada ya jengo. Mhasibu aliingia, akauliza kama kuna msiba. Ikafika saa nne, ikafika saa tano. Koo la Bi Swichi lilikauka. Bosi alipita mara mbili akitazama saa yake. Saa tano na nusu walifika jengo la pili.

"Chumba cha tano," fundi alisema na kutaja jina.

"Yupo."

"Chumba cha saba."

"Ngoja. Na cha sita je?"

"Cha sita kule ni kitupu."

Bi Swichi alisoma jina lililokuwa mbele yake. Alilisoma tena. Kisha akapiga paji lake la uso kwa kiganja, mlio ukasikika mpaka mapokezi.

"Godoro!"

"Nini?"

"Alikuja na godoro. Jana. Mvua ilikuwa inataka kunyesha."

Fundi alitoka stoo taratibu, akasimama mlangoni. "Mama, nilikuambia usiguse."

"Sikugusa. Nilimwandika tu."

Tumbo la fundi likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka mpaka akashika fremu ya mlango. Bi Swichi hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake. Hakuna kilichokatika, fundi alieleza akifuta machozi. Mashine imenakili sawasawa watu wote waliokuwepo ilipoanza kazi, na huyu wa godoro aliingia ikiwa imeshampita. Dakika kumi baadaye waya zilikuwa zimegeuzwa, kompyuta ya Bi Swichi ikaelekezwa kule stoo, naye akamwandika kijana wa watu mara ya pili. Wakaenda kwa mhasibu kutazama. Mtu wa chumba cha sita alikuwa pale, na jengo la tisa lilikuwepo, na mzee wa sikio la kushoto pia.

"Sasa zima yako," fundi alimwambia.

"Mchana wote huu?"

"Zima."

Hakuwahi kuizima kukiwa na watu ofisini. Alibonyeza akiwa amefumba jicho moja. Kioo chake kikawa cheusi, boksi likakoroma mara ya mwisho, likanyamaza. Alisikiliza. Mhasibu alikuwa anaendelea kuandika. Kule mapokezi simu ilijibiwa, mtu akaulizwa namba ya chumba, akapewa jibu. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Bi Swichi alingoja kufurahi, furaha ikaja nusu, nyuma yake kikaja kitu kingine kilichofanana na njaa.

Bosi alisaini karatasi ya ruhusa ikiwa imebaki dakika tano kufika saa sita. Fundi alikuwa anakunja nyaya zake. Ndipo Bi Swichi akakumbuka ile "ahaa".

"Jana uliniuliza habari ya neno la siri, ukasema ahaa. Ahaa ya nini?"

Fundi alisita. Alikuwa mtu mwema, na mtu mwema huwa hajui kudanganya haraka. Akaiwasha tena ile ya zamani, akafungua mahali ambapo Bi Swichi hajawahi kufika, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu kisanduku kidogo, kidogo kama punje ya mchele, kitupu.

"Aliyekuwekea alikisahau hiki. Angekitia alama ya vema, programu ingeanza yenyewe mashine ikiwaka. Neno la siri lisingehitajika. Mtu yeyote angebonyeza kitufe na ofisi ingefanya kazi."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote. Hata mlinzi."

"Kwa hiyo kila siku, mimi..."

"Seva ya stoo nimeitia alama, usiwe na wasiwasi."

"Kuitia alama ni kazi ya muda gani?"

Fundi alitazama kalamu yake. "Sekunde moja, mama. Ungeniuliza mimi, au fundi mwingine yeyote, hata kwa simu."

Lakini nani angeuliza? Yeye alidhani ndivyo programu zilivyo. Bosi alidhani ndivyo Bi Swichi alivyo. Wengine walikuwa na chai yao. Bi Swichi aliaga watu, akachukua kandambili zake, akazirudisha, akazichukua tena. Njiani alipitiliza kituo chake.

Alasiri hiyo, begi likiwa wazi kitandani, alimpigia dada yake. Alikuwa amepanga kusema tu kwamba anakuja. Lakini sauti ile ilipoitikia, maneno yalimtoka bila mpango.

"Dada, nakuja kesho. Na kuna jambo. Hata ile mara ya nyonga ningeweza kuja. Na kwenye harusi pia. Ilikuwa kisanduku. Kidogo hivi. Hakikutiwa alama."

Alieleza yote, akirudi nyuma na kwenda mbele, akichanganya fundi wa kwanza na wa pili, godoro na stoo.

"Dada?"

"Nakusikia. Ina maana ulikuwa hujui?"

"Kujua nini?"

"Mwanangu wa pili anafanya kazi za kompyuta. Mwaka ule wa nyonga nilimweleza habari ya mashine yako. Akaniambia, mama, hakuna mashine ya namna hiyo, kama ipo inatengenezwa kwa dakika moja." Dada alivuta pumzi. "Nilidhani unajua, mdogo wangu. Miaka yote hii nilidhani hutaki tu kuja, na mashine umepata ya kusingizia."

Bi Swichi alikaa kitandani karibu na begi. Alitaka kusema kwamba kila asubuhi aliandika jina lake, kila asubuhi bila kukosa, lakini akaona jinsi jambo hilo litakavyosikika. Alilia. Dada alimwacha alie kidogo, kisha akamwambia asisahau sweta, wodini kuna baridi.

Jumapili alisafiri. Kituo cha pili kilipopita, alikishika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, simu ikiwa mapajani. Haikulia.

Jumatatu saa mbili asubuhi dada alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, ametiwa dawa machoni, haoni ila ukungu. Kishungi chake cha utosini, sasa cheupe, kilikuwa kimekataa kofia ya hospitali. Bi Swichi alikuwa anajaribu kukisukuma ndani ya kofia simu ilipolia.

"Bi Swichi!" alikuwa bosi. "Hakuna kinachofunguka! Kote ni haioni kitu, haioni kitu! Fundi hapokei simu. Wateja wamejaa. Hebu fikiria, kuna basi la saa ngapi?"

Dada hakugeuza kichwa. Mkono wake uliokuwa ukingoni mwa kitanda ulijikunja taratibu, ukarudi chini ya shuka.

Moyo wa Bi Swichi ulikuwa umeshasimama na kuchukua begi. Yeye mwenyewe alibaki amekaa. Mashine ile ilikuwa na alama, fundi mwenyewe alimhakikishia. Basi kwa nini imezimika? Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kichwa chake kilipata jambo ambalo kilikuwa kinalijua.

"Bosi, Jumamosi jioni mlinzi alizima soketi?"

Ikasikika sauti kwa mbali, ya mlinzi, yenye utii wote: "Fundi aliniambia nisizime Ijumaa. Jumamosi hakuniambia."

"Mwambie mlinzi afungue stoo," Bi Swichi alisema. "Awashe soketi, abonyeze kitufe cha mbele."

"Mlinzi?"

"Huyo huyo."

"Na neno la siri?"

"Haina haja nalo."

Walingoja. Dakika ya kwanza ilipita, na ya pili. Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka, muuguzi akatoka na fomu mkononi. Ndani ya simu mhasibu alipiga kelele kwamba wapangaji wamerudi, wote, na yule wa chumba cha sita.

"Sawa, sawa," bosi alisema akihema. "Lakini usikate. Kaa hapo hapo kwenye simu, huenda likatokea jingine."

"Bosi," alisema Bi Swichi, "nazima."

Akazima. Si kukata tu, alizima simu yote, akangoja mpaka kioo kikawa cheusi, akaitia chini kabisa ya begi.

"Ni mashine?" dada aliuliza akitazama dari asiyoiona.

"Ilikuwa mashine."

"Unarudi?"

"Sirudi."

Muuguzi alikuwa ameshafika, kalamu tayari. Akasoma fomu, akawatazama watu waliokaa kwenye benchi la ukutani. "Mtu wa mgonjwa huyu ni nani?"

Bi Swichi alikuwa anataka kusimama ajibu, lakini dada aliwahi. Alitoa mkono chini ya shuka, na bila kuona akaunyoosha upande wa kushoto, ukatua moja kwa moja kwenye bega la mdogo wake.

"Huyu hapa," alisema. "Jina lake nimeliandika mwenyewe."